Nyumba Kwanza, Chura Baadaye

Miongoni mwa mambo ambayo watoto wanaokulia katika miji ya Ulaya huwaomba wazazi wao ni ruhusa ya kufuga mnyama. Nasi tunaokaa Uingereza tuliombwa. Hakutakiwa paka wala ndege, bali chura. Tena si yule wa mtaroni tuliyemzoea utotoni kwetu pwani, ambaye kelele zake hazimzuii ng'ombe kunywa maji, bali chura wa mti, wa rangi ya kijani, mwenye vidole vyenye ncha pana zinazonata hata juu ya kioo. Twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu, wazazi na vijana, yale tuliyoyazingatia, kwani swali lenyewe si dogo kama alivyo mdogo chura.

Asili ya chura huyu ni Australia, pande za kaskazini na mashariki, na kusini ya kisiwa cha New Guinea. Waingereza humwita kwa jina la John White, tabibu aliyefuatana na merikebu za kwanza za wafungwa waliofikishwa Australia mwaka 1788, ambaye alimweleza chura huyu katika kitabu chake cha mwaka 1790. Hufikia urefu wa sentimita 10, hulala mchana na kuamka usiku, na akitunzwa vema huweza kuishi miaka 15 na zaidi. Basi msomaji na apige hesabu: mtoto wa miaka 10 leo atakuwa na miaka 25, pengine amekwisha kuoa au kuolewa, na chura bado yupo anangoja chakula. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hatashika jembe maisha yake yote.

Mama yetu, ambaye watoto humwita Bibi, alipopata habari hizi alisema neno moja tu: "Wanangu, kifungo ni kifungo, hata kikiwa cha kioo." Neno hili hatukulidharau. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim imo habari ya mwanamke aliyestahili adhabu kwa sababu ya paka: alimfungia, asimlishe, wala asimwache akajitafutie mwenyewe. Kwa upande wa pili, wapokezi hao hao wametueleza habari ya Abu Umayr, mtoto mdogo, ndugu yake Anas bin Malik, aliyekuwa na kidege cha kuchezea, na Bwana Mtume (s.a.w.) hakumkataza, bali alikuwa akimwuliza kwa upole habari za kidege chake. Na chura naye ametajwa: katika Sunan ya Abu Daud imo habari ya tabibu aliyeuliza juu ya kumtumia chura katika dawa, naye Mtume akakataza chura asiuawe.

Tukiyaweka haya pamoja, twafahamu kwamba kufuga si dhambi. Dhambi ni kumfungia kiumbe mlango wa riziki yake kisha usimfungulie mwingine. Yule paka angeweza kuachwa aende zake. Chura wetu hawezi: alizaliwa katika vyombo vya wafugaji, baridi ya nchi hii itamwua, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 yakataza kumwachilia porini mnyama asiye wa nchi hii. Kwa kuwa mlango wa kumwacha huru umefungwa, umebaki mlango mmoja, nao ni kumtimizia haja zake.

Kwa sababu hiyo tulipokwenda dukani, na mwuzaji akataka kutupa chura na kisanduku kidogo siku ile ile, tulichukua sanduku kubwa na kumwacha chura. Kwa muda wa majuma mawili tuliangalia sanduku tupu. Wageni walicheka, na watoto waliuliza kila asubuhi, "Baba, lini ataletwa?" Jibu letu lilikuwa moja: chura ataletwa vipimo vitakapotulia.

Sanduku hilo ni la kioo, lenye upana wa sentimita 45 kila upande na urefu wa 60, kwa maana mnyama wa mtini hutaka kupanda juu kuliko kutembea chini. Lina matundu ya kupitishia hewa, kwani unyevu bila hewa huleta ukungu na maradhi. Ndani yake tulitia matawi manene yaliyosimama na yaliyolala, gome la mti la kujifichia mchana, na mimea yenye majani mapana. Upande mmoja una joto la nyuzi 28 hivi wakati wa mchana, na mwingine una ubaridi kidogo, ili mwenyewe achague. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 20. Chombo cha joto kina kifaa cha kukizima na kukiwasha chenyewe, na kimezuiliwa chura asikiguse akaungua. Unyevu wa hewa huwa kati ya asilimia 50 na 70, kwa kunyunyiza maji jioni.

Maji yataka hadhari kubwa, kwani chura hanywi kwa kinywa. Huyafyonza kwa ngozi ya tumbo lake. Chochote kilichomo majini humwingia mwilini. Maji ya bomba yana klorini, na hapana budi yatiwe dawa ya kuiondoa, kisha chombo kibadilishwe kila siku. Kwa sababu hiyo hiyo, mkono wenye sabuni, marashi au mafuta ya nazi haumgusi chura, na chetezo cha udi hakiwashwi katika chumba chake, wala dawa ya kupuliza wadudu. Na kila atokaye kusafisha sanduku huosha mikono vizuri, maana vyura huweza kubeba vijidudu vinavyoharisha watu.

Chakula chake ni nyenje walio hai, mara mbili au tatu kwa juma kwa chura mzima, baada ya jua kutua. Nyenje nao hulishwa mboga siku moja kabla, kisha hupakwa unga wa kalsiamu na vitamini ili mifupa ya chura isilegee. Asizidishiwe kwa huruma, kwani chura huyu hunenepa upesi, na unene humdhuru.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 yakataza kumwuzia mnyama mtoto aliye chini ya miaka 16, na yamlazimisha mwenye mnyama kumpatia makao yanayomfaa, chakula kinachomfaa, na kumkinga na maumivu na maradhi. Basi wazazi wasijidanganye kwamba chura ni wa mtoto. Mtoto husaidia, mwenye dhima ni mzazi, naye ndiye atakayeulizwa.

Bibi hajalibadili neno lake, nasi hatumlazimishi. Walakini mara nyingi baada ya sala ya Isha yeye ndiye huuliza kwanza kama maji ya chura yamebadilishwa.

Twawausia vijana wetu: mkitamani mnyama, anzeni na nyumba yake. Itengenezeni, iacheni tupu majuma mawili, na katika muda huo mtimize kila siku kazi zake zote, kunyunyiza, kupima na kusafisha, kana kwamba mwenyewe yumo. Atakayechoka kabla ya muda kwisha asione haya; amemwepusha kiumbe na dhuluma, na jambo hilo lina kheri yake. Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe vyake tulivyovishika mikononi. Amin.