Daraja Lisilofungwa Kiunoni

Nilifundisha ufundi wa mbao na vyuma katika sekondari moja ya Southall, na kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa panga, ilinifuata karakanani. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameanzisha klabu na alihitaji mtu wa kutengeneza shinai, panga za mianzi. Mimi ni mtoto wa seremala wa Mombasa; tupa na msasa havijanipiga chenga tangu utotoni. Shinai ni vipande vinne vya mwanzi vilivyoshikanishwa kwa ngozi na uzi uliokazwa. Kipande kikichanika bila mtu kuona, kibanzi hupenya kimia cha chuma cha kofia na kumfikia mwenzio jichoni. Kwa hiyo kabla ya mazoezi nilizifungua moja moja, nikapitisha kidole, nikasugua, nikapaka mafuta. Haukupita muda nami nikavaa kofia.

Madaraja ya kendo huanza na kyu, zinazohesabiwa kwa kushuka hadi ya kwanza, kisha zinafuata dan, zinazopanda kutoka ya kwanza hadi ya nane. Baada ya dan ya kwanza unangoja mwaka 1 kabla ya kujaribu ya pili, kisha miaka 2, kisha 3. Anayeitaka ya nane awe ametimiza miaka 46 na amekaa na ya saba miaka 10, na hata hapo, kule Japani, anayefaulu ni kama mmoja katika mia. Niliupenda utaratibu huo kwa ajili ya wanafunzi wangu. Mitihani yao mingine yote ilikuwa ya kukimbizana.

Bibi mmoja Singasinga, mzaliwa wa Kisumu, aliyekuja Uingereza miaka ya 1960 na wimbi la Wahindi wa Kenya, alinisimamisha King Street.

“Mwalimu, mjukuu wangu kafaulu. Mkanda wake uko wapi?”

“Kendo haina mkanda, mama. Njoo umtazame.”

Alikuja, akaketi benchini. Mwenye dan na mwenye kyu huvaa mavazi yale yale, basi ilimbidi amtambue mtoto kwa mwendo. Alipomsikia akipiga ukelele na kuingia kwa pigo la kichwa, alinishika mkono: “Huyu nyumbani hata chumvi haombi kwa sauti!”

Ndicho wanachokitafuta watahini: sauti, upanga na mguu vifike pamoja, na baada ya pigo mtu abaki macho, tayari kwa lijalo. Katika mashindano, anayejishangilia waamuzi wanaweza kumfutia pointi. Kijana wetu mmoja aliwashinda wote klabuni, lakini akaanguka mtihani wa dan ya kwanza, kwa sababu alizoea kuinamisha kichwa kukwepa. Alikuja karakanani amenuna. Nilimpa shinai iliyovunjika aifungue, tukazungumza huku tukifanya kazi. Majira yote ya baridi alikubali kupigwa kichwani na watoto wadogo kuliko yeye, mgongo wima, shingo haiyumbi. Kwangu miezi ile ilikuwa na thamani kuliko kile cheti alichokuja kukipata, na nilimwambia hivyo mbele ya wenzake.

Katika mtihani, sehemu ya kata, yaani miondoko iliyopangwa, aliifanya vizuri zaidi. Kata ni kumi, zilipangwa mwaka 1912, na hufanywa na watu wawili wenye panga za mbao, bila kofia wala kinga. Hapo uso wa mtoto unaonekana wote, na mtahini anaona kama mtoto anamwamini aliyesimama mbele yake.

Yule mjukuu wa bibi wa Kisumu alipata dan ya kwanza akiwa kidato cha juu, kisha chuo kikuu kikamwita. Nilimchongea mpini wa shinai ya sentimita 120, kipimo cha watu wazima, ulingane na viganja vyake vidogo, na nikamsihi aitafute klabu ya kendo ya chuo kabla hata hajapanga vitabu, maana mwaka wake wa kungoja dan ya pili ulikuwa umekwisha kuanza.