Mitungi Miwili Mlangoni

Wengi mmeniuliza hali ya mama mchungaji. Ametoka hospitali, tumerudi Taveta, anakula vizuri. Mungu awabariki kwa maombi. Lakini kuna jambo la Voi ambalo sijalisema kanisani.

Alipolazwa nilihitaji mahali pa kulala, na hoteli kwa siku sita nisingeiweza. Ndugu mmoja akanitafutia nyumba ya kujipikia Mwakingali, orofa ya tatu, shilingi 1,500 kwa usiku. (Siku hizi zote watu huziita Airbnb, hata ile ambayo mwenyewe anapatikana kwa kabambe tu.) Kitanda, meza, viti viwili vya plastiki, gesi ya kilo 6, sufuria tatu, moja haina kifuniko. Nikakumbuka 2 Wafalme 4, chumba cha juu ambacho mama wa Shunemu alimwandalia Elisha: kitanda, meza, kiti na taa. Nikasema, Bwana, umeniweka kama nabii. Nikajiona hasa.

Asubuhi napika uji, mchana wali kwa ndengu, napeleka hospitali. Shida ilikuwa maji. Mnaokaa Voi mnajua. Bomba la Mzima limepita kaunti yetu kwenda Mombasa tangu miaka ya 1950, na bado mtu wa Voi anahesabu mitungi. Mfereji wa jikoni ulikuwa unakohoa tu. Lakini kila alfajiri nilikuta mitungi miwili ya lita 20 mlangoni, imejaa. Nikaoga, nikafua, nikapiga deki. Sikujiuliza imefikaje orofa ya tatu. Nilijiambia nimelipia.

Siku ya nne nikakuta mtungi mmoja. Nilikuwa sijalala, daktari amesema tusubiri. Nikamwandikia mwenye nyumba ujumbe mkali, na chini nikatia jina langu pamoja na cheo: Mchungaji.

Jioni nikiwa kwenye ngazi nikasikia simu ikifoka kwa spika. Yule mama anayetunza nyumba alikuwa anaambiwa mgeni akilalamika tena atafute kazi kwingine. Naye anajibu tu, "Sawa mama. Sawa mama."

Nikamwendea. Nilitaka kusema pole, nikajikuta naeleza jinsi nilivyochoka. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Pasta, tangi limekauka tangu Jumapili. Hayo maji nilikuwa nanunua. Leo mwenye mkokoteni ameniletea miwili tu. Mmoja nikakuletea, mmoja nikabaki nao, mtoto ana homa." Kisha akaongeza, "Usiku ukiomba sauti inafika huku chini. Mtoto huitikia amina."

Nilipanda nikafungua tena sura ile ile. Nimeihubiri zaidi ya mara kumi, kila mara nikikimbilia mtoto aliyefufuka. Mstari wa 27 nilikuwa naupita tu: yule mama ameshika miguu ya nabii, Gehazi anataka kumsukuma, na Elisha anakiri kwamba uchungu wa mama huyu Bwana amemficha. Mtu aliyelala nyumbani kwake, akala chakula chake, hakujua. Mimi hata sikufichwa. Uliwekwa mlangoni kwangu kila alfajiri.

Nikamwandikia mwenye nyumba ujumbe wa pili, kwamba kosa ni langu. Akajibu kwa kidole gumba. Kesho yake nilimsubiri mwenye mkokoteni barabarani, nikanunua mitungi mitano, minne nikaiweka kwa yule mama. Wangu nikaupandisha mwenyewe. Nilipumzika mara mbili kwenye ngazi. Yeye alikuwa akipandisha miwili kabla ya adhana ya alfajiri.

Nilimwomba msamaha, safari hii bila maelezo. Alisema, "Yameisha, Pasta." Sina hakika kama yaliisha. Pesa za yale maji ya mwanzo alizikataa, akazichukua mama mchungaji alipotoka hospitali na kumpa mwenyewe mkononi.

Mtoto alipata dawa. Siku tunaondoka alikuwa uani, amekalia mtungi mtupu, anapiga ngoma kwa kifuniko cha sufuria. Nadhani ni kile changu.

Jumatano kwenye mkesha nitaomba tuwataje. Majina yao nitawaambia huko huko, si hapa.