Mkundaji wa Ghuba ya Chole

Samaki waliofika Mwamapalala utotoni mwangu walikuwa wakavu. Dagaa walikuja kwa magunia kutoka Mwanza, sato waliobanikwa walifika wamekunjwa, mkia umegusana na mdomo, na furu walipangwa kwenye vijiti. Miaka ya 1980 sangara alipoenea Ziwa Victoria furu wakaadimika, nasi huku mnadani tuliona tu kwamba hawaji tena. Samaki hai tuliyemfahamu alikuwa kambale wa lambo, naye huishi kwenye tope. Basi nilipopangiwa kufundisha Mafia mwaka 1996, nilijua ng'ombe, pamba na mbuga nyeusi za Bariadi, ambayo wakati huo ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Maji yanayopitisha jua hadi chini sikuwa nimeyaona.

Nilipata chumba Utende, kando ya Ghuba ya Chole, kwenye nyumba ya mzee mvuvi. Mwaka mmoja kabla, 1995, Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilikuwa imetangazwa, ya kwanza nchini, na barazani hapakuwa na habari nyingine. Wapi pamefungwa? Nani ataruhusiwa kutega? Baruti na kokoro vitakomeshwa kweli? Mimi mtu wa bara nilikaa kimya nikisikiliza.

Kaskazi ilipotulia mzee alinichukua kwenye ngalawa yake, akanipa miwani ya kuzamia. "Mwalimu, tia uso majini utazame. Ila miguu yako isiguse matumbawe."

Nilitazama kwanza mwamba wenyewe, kama afanyavyo kila mgeni. Mzee akanigusa bega, akaonyesha pembeni, mahali matumbawe yanapokwisha na mchanga unapoanza. Hapo alikuwapo mkundaji. Mwili mweupe, mstari mweusi umetoka mdomoni ukapita kwenye jicho na kwenda nyuma ubavuni, na doa jeusi kwenye shina la mkia. Chini ya kidevu alikuwa na ndevu mbili, na hizo ndevu hazikutulia hata kidogo. Alizipapasisha mchangani, kushoto, kulia, mbele, maana ndizo zinazoonja kilichofichika. Akipata dalili huchimba kwa mdomo, wakati mwingine hadi macho yanazama, na mchanga unamtoka kwenye mashavu. Anatafuta minyoo, kaa wadogo, kamba na chaza wachanga. Nyuma yake walimfuata samaki wengine wa rangi rangi, wakiokota alichokifukua, kama yangeyange wanavyofuata ng'ombe malishoni kwetu. Nilicheka ndani ya maji nikameza chumvi.

Tangu siku ile nilimfuatilia mkundaji kuliko samaki mwingine yeyote. Anaweza kufikia sentimita 60, ingawa waliotoka kwenye madema ya mzee wengi walikuwa nusu ya hapo. Wakubwa hupenda kutembea peke yao, na wanaweza kushuka hadi mita 100 hivi. Wadogo hukaa kwa makundi kwenye maji mafupi, juu ya mchanga na kando ya nyasi bahari. Nyama yake ni laini, haivumilii joto, na mama mwenye nyumba hakukubali ilale: jioni ileile ilikuwa kwenye mchuzi wa nazi. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Warumi wa kale waliwapenda ndugu zake wa bahari ya Mediterania kiasi kwamba wakati wa kaisari Tiberius watatu tu waliuzwa kwa sarafu 30,000 za sesta. Sikushangaa.

Jioni moja barazani niliwaeleza wazee habari za ngitili. Kwetu Usukumani kipande cha malisho hufungwa masika ili majani yasimame, kikafunguliwa kiangazi ng'ombe wanapoanza kukonda. Desturi hiyo ilikuwa imefifia, na tangu 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulikuwa ukiihimiza irudi. Niliwaambia hifadhi yao naielewa hivyo. Wakaniuliza nani analinda, nani anaamua siku ya kufungua, na mwenye ng'ombe wengi anafanywa nini akiingiza usiku. Maswali hayo ndiyo yaliyoulizwa kwetu pia.

Mzee mwenyeji wangu alingoja wengine wamalize. Akasema wote wanazungumzia mwamba, kwa sababu baruti inasikika na matumbawe yaliyovunjika yanaonekana. "Je, kifaranga cha mkundaji kinacholelewa kwenye nyasi? Kokoro likipita hapo halipigi kelele." Kokoro huzungushwa kina kifupi na kuvutwa hadi ufukweni, likikokota nyasi na kila kilichomo. Naamini alisema jambo ambalo watu wengi wa hifadhi huchelewa kulishika: nyumba ya samaki wa mwambani haiishii mwambani.

Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida na matumbawe ya Ghuba ya Chole na ya mwamba wa Tutia yakawa meupe. Vijisamaki vinavyodonoa matumbawe vilipungua machoni petu. Mkundaji tuliendelea kumwona akichimba mchanga wake, na mzee alilitaja hilo kwenye mkutano wa kijiji, akitaka maji mafupi ya nyasi nayo yafungiwe kokoro. Kijana mmoja akamjibu kwamba wavuta kokoro nao wana watoto. Walibishana hadi adhana ya magharibi, wakakubaliana kuendelea Ijumaa baada ya sala.