Janga: mtoto anaposimamisha baiskeli kwa kandambili

Jua likipungua makali huko Janga, upande wa Mlandizi wilayani Kibaha, watoto hutoka na baiskeli za nyumbani. Mchana zimebeba madumu ya maji, jioni ni za michezo. Mmoja ananyanyua tairi la mbele, mwingine anaachia mikono. Wa tatu anashuka mteremko, kisha anakandamiza tairi kwa kandambili ili asimame. Breki hana.

Kwenye simu wanawaona vijana wa San Francisco na Tokyo wakicheza na baiskeli zisizo na breki, mchezo uliovuma miaka ya 2000. Lakini baiskeli zile ni za aina nyingine. Pedali zake zimeungana moja kwa moja na gurudumu la nyuma: likizunguka, pedali nazo huzunguka. Mwendeshaji akizizuia kwa miguu, gurudumu hukwama.

Baiskeli ya nyumbani haiko hivyo. Ukiacha kukanyaga, gurudumu linaendelea kuzunguka. Breki ikifa, hubaki kandambili tu, na Barabara ya Morogoro yenye malori na mabasi haiko mbali.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Mzazi, usimnyang'anye mtoto baiskeli. Nyanyua tairi, lizungushe, kisha bana breki; fanya hivyo mbele na nyuma. Lisiposimama, ipeleke kwa fundi abadilishe raba au waya. Mtafutie kofia ngumu, na michezo iwe uwanjani, mbali na lami.