Dhahabu ya Nchi Isiyo na Bahari

Ukitaja polo ya majini ya wanaume katika Michezo ya Olimpiki, kumbukumbu za wengi hukimbilia Melbourne, tarehe 6 Desemba 1956. Mwezi mmoja kabla, vifaru vya Kisovieti vilikuwa vimezima maasi ya Budapest, na sasa Wahungaria na Wasovieti walikuwa uso kwa uso bwawani. Hungaria ilikuwa ikiongoza 4-0, mchezo ukielekea ukingoni, Msovieti Valentin Prokopov alipomtandika ngumi Ervin Zádor wa Hungaria, naye akatoka majini damu ikimchuruzika usoni. Watazamaji wakachemka, mchezo ukavunjwa, na picha ya Zádor ikazunguka dunia. Tangu siku hiyo historia ya mashindano haya husimuliwa kana kwamba ni sura mojawapo ya siasa za karne ya 20. Masimulizi hayo ni matamu, lakini yanafunika jambo zito zaidi. Hungaria haikushinda kwa sababu ya hasira. Ilikwisha kutwaa dhahabu mwaka 1932, 1936 na 1952, na kuanzia 1928 hadi 1980 haikurudi nyumbani mikono mitupu hata mara moja. Linalostahili kuulizwa ni hili: mchezo uliobuniwa na Waingereza na Waskoti ulihamiaje kwa watu ambao nchi yao haina hata kipande cha pwani?

Mwanzoni Uingereza haikuwa na mpinzani wa maana. Ilishinda Paris mwaka 1900, wakati huo zikishindana klabu badala ya timu za taifa, kisha ikashinda 1908, 1912 na 1920. Paul Radmilovic, mzaliwa wa Cardiff, alikuwamo katika timu zote tatu hizo za mwisho. Baada ya hapo, kimya. Ilipocheza London mwaka 2012 kwa kuwa ni mwenyeji, ilimaliza ya mwisho. Maelezo yangu ya anguko hilo ni mepesi kuyataja ingawa yalikuwa magumu kuyatekeleza: dhahabu iliwafuata waliogeuza polo kutoka kazi ya misuli kuwa kazi ya kuogelea, kisha wakawapa vijana wao bwawa na mwalimu mwaka mzima.

Mchezo wa zamani ulikuwa karibu na mieleka. Filimbi ilipolia, wachezaji walitakiwa kuganda pale walipo mpaka mpira urushwe tena, hivyo mwenye kifua kipana na mikono ya kukaba alikuwa na faida kuliko mwenye mbio. Wahungaria waliuona mchezo kwa jicho jingine. Béla Komjádi, mwalimu aliyefariki mwaka 1933, aliwafundisha wachezaji kupasiana mpira hewani, mkono kwa mkono, bila kuuacha uguse maji. Mwaka 1930 Budapest ikafungua bwawa la ndani katika Kisiwa cha Margit, lililochorwa na Alfréd Hajós, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa kuogelea wa Olimpiki ya 1896. Baridi ya huko si ya mchezo, na bila paa mazoezi hukatika. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1940 kanuni ikabadilika: mchezaji akaruhusiwa kuendelea kuogelea hata baada ya filimbi. Wenye mapafu na mbinu wakawaacha nyuma wenye mabega. Kanuni hiyo haikuwapa Wahungaria kipaji kipya; iliondoa kizuizi mbele ya kile walichokuwa wakikifanya tayari.

Mtu atasema Uingereza ilikuwa na mabwawa ya kuogea tangu enzi za Malkia Victoria, mengi kuliko Budapest. Ni kweli, na hoja hii ndiyo yenye uzito kuliko zote. Inanilazimu kukiri kwamba jengo peke yake halifungi bao. Bwawa ambalo klabu hulipata kwa saa chache, likigombewa na waogaji, si sawa na bwawa ambalo mtoto hukutana humo na kocha wake kila alfajiri. Wengine watasema ni fedha za serikali za kikomunisti. Hilo halisimami. Dhahabu za 1932 na 1936 zilikuja kabla ya ukomunisti, Italia iliyotwaa 1948, 1960 na 1992 haikuwahi kuwa ya kikomunisti, na baada ya Yugoslavia kusambaratika Kroatia ilishinda 2012, kisha Serbia ikafuatisha mara tatu. Serbia yenyewe haina bahari tangu Montenegro ijitenge mwaka 2006, na dhahabu zake zote tatu zimekuja baada ya hapo. Kwa wanaodhani siri ni maumbile, wamtazame Olivér Halassy: alikatwa mguu chini ya goti kwa ajali ya tramu utotoni, lakini alipata fedha 1928 na dhahabu mbili zilizofuata.

 

Kwetu sisi wa pwani, hoja ya bahari huwa rahisi kuikumbatia. Husemwa kwamba watoto wa Mombasa, Tanga na Unguja huogelea kabla hawajajua kusoma, basi mchezo wa majini ungekuja wenyewe. Haukuja. Si Kenya, si Tanzania iliyowahi kucheza polo ya majini ya Olimpiki. Kutoka Afrika ni Misri na Afrika Kusini tu zilizofika, na Afrika Kusini ilifungwa mechi zake zote tano kwenye Olimpiki ya Tokyo. Paris, mwaka 2024, Serbia iliifunga Kroatia 13-11 katika fainali. Kati ya timu 12 za wanaume zilizoshiriki, 9 zilikuwa za Ulaya, nyingine zilikuwa Marekani, Australia na Japani, na Afrika haikuwa na hata moja.