Kwaresima ya Kamchape

Kamchape walifika kijijini kwetu Msanzi mwanzoni mwa miaka ya 1960, bendera ya uhuru ikiwa bado mpya. Walikuwa vijana waliozunguka Ufipa wakidai kusafisha vijiji na uchawi. Watu walipanga foleni, wakachanjwa chale, wakapakwa dawa na kulipa ada. Pembe na hirizi zikarundikwa mahali pamoja, za wachawi na za wasio wachawi, maana nani hakuwa na kidawa cha shamba au cha mtoto?

Nilikuwa mdogo, lakini niliwatambua waliopanga foleni. Ni walewale wa Jumapili kigangoni: mama zetu na rozari zao shingoni, hata mzee aliyetufundisha katekisimu. Wala hawakuwa Wakristo wa juzi. Wamisionari Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo cha Karema mwaka 1885, na Karolo Msakila, mwana wa Ufipa, alikuwa askofu wetu tangu 1958. Imani ilikuwa na mizizi. Hofu nayo ilikuwa na yake, mirefu zaidi.

Mjane mmoja jirani yetu alinyooshewa kidole. Hakupigwa, ila kisimani walimkwepa kama mgonjwa wa ndui, wakiwemo wale aliowazalisha kwa mikono yake.

Kwaresima ikaingia. Padri alikuja na pikipiki, akakaa kitubioni kutwa nzima. Sisi watoto tulisubiri ngurumo, tukidhani watu watafukuzwa. Hakufukuzwa mtu. Waliingia wameinama, wakatoka, wakapiga magoti kidogo, na Pasaka wakakomunika. Baba mdogo alinung'unika kwamba Mungu wa padri ni mwepesi mno kusamehe. Yeye angewaacha nje walau mwaka. Naye alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuchanjwa!

Malipizi ya kitubioni ni siri, kwa hiyo siwezi kuapa waliambiwa nini. Lakini Kwaresima kwetu huangukia wakati wa ntumba: nyasi zimerefuka, udongo una maji, watu wanafukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo ili zioze ziwe mbolea ya msimu ujao. Wiki ile ya maungamo, mmoja baada ya mwingine, watu wakaanza kuonekana na majembe kwenye shamba la mjane. Mama alinichukua alfajiri. Alipiga magoti, akampigia mjane makofi ya salamu kama anavyoamkiwa mama mkwe. Maneno ya kuomba radhi yalimkwama.

"Anzia pale penye mbigili," bibi yule akamwambia.

Tukalima mpaka jua likawa kali.

Siku hizi wapiga ramli wa namna ya Kamchape huitwa lambalamba, na bado wanapita vijijini huku magharibi. Wakija kwenu na hofu ikawashinda, mkaungame. Mungu hatachoka kuwapokea. Ila yule bibi mliyemnyooshea kidole msimwachie Mungu peke yake. Mwendeeni, tena na jembe.