Gari la kaka lilikaa chini mno
Kaka yangu mkubwa alinunua Toyota Mark X, gari la kifahari lenye mbio. Akaliwekea resori fupi na ngumu ili likae chini. Hakukosea katika yote: gari la namna hiyo halilali sana kwenye kona. Juu ya lami ya Beni mjini lilikuwa raha kweli.

Lakini sisi tulikaa Oicha. Siku tulipokimbia, tuliingia watu saba, mama akiwa katikati, magodoro juu, masufuria nyuma. Resori fupi huliachia gurudumu nafasi ndogo ya kupanda, na uzito wetu ulikuwa umeimaliza kabla hatujaondoka. Kwenye shimo kubwa la kwanza, tumbo la gari liligonga jiwe. Karteri ikapasuka, mafuta ya injini yakamwagika njiani. Mama alimaliza safari kwa miguu, mjukuu mgongoni.

Leo kaka amerudisha resori za urefu wa kwanza. Fundi alimshauri kubadili amortisa zilizochoka, za kushoto na kulia pamoja, kisha mipira ya viungo iliyolika, kupanga magurudumu na kupima upepo wa matairi. Sasa gari linashika barabara vizuri, na bado linapita kwenye mashimo.

Ndugu wenye magari, kabla ya kumlipa fundi, jiulizeni: siku ya kukimbia nitabeba nani, na nitapita wapi? Mama bado huinama kutazama chini ya gari kabla ya kupanda.